Bushi za loa amu mara ya pili ndani ya miezi sita, Corolla 110, nipo Kigoma

Mla_Migebuka

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie kabla sijagombana na fundi wangu maana ni mtu wa nyumbani kabisa, tunaswali msikiti mmoja. Nina Corolla 110 ya 1998, kilomita sisemi maana ile dashibodi ilishachezewa kabla sijainunua. Ndo gari ya kila siku, asubuhi napeleka watoto shule kutoka Gungu, mchana naenda Simbo kuchukua mawese nashusha Mwanga, jioni narudi nyumbani.

Ilianza kugonga mbele kushoto, ukishika breki inalia ko, ukiachia uondoke inalia tena ko, na usukani ukawa kama umelewa, ukiuachia kidogo tu kwenye lami gari inatafuta mtaro yenyewe. Fundi akaingia chini na nondo akatikisa akasema bushi za loa amu (ile mipira ya mkono wa chini unaoshika tairi) zimeisha. Sawa, nikanunua nne, kubwa mbili na ndogo mbili, akafunga, gari ikatulia nikasema alhamdulillah.

Miezi mitatu na kitu hivi ko ikarudi. Safari hii nikaagiza Kariakoo zile walizoniambia ojino, zikaja kwa basi, bei mara mbili ya zile za kwanza, akafunga. Huu ni mwezi wa pili, jana nimeinama na tochi ya simu naona ile bushi kubwa mpira umechanika umeachama kama mdomo wa sangara. Fundi anasema spea za siku hizi zote feki na barabara ya Simbo ndo mchawi wangu. Barabara mbaya sikatai, ila kuna jamaa ana 110 kama hii hii, anapita huko huko, bushi zake mwaka wa tatu huu hajazigusa.

Sasa ni bushi feki, ni fundi, ni mzigo, au kuna kitu kingine kwenye gari kinazila? Na vipi nikinunua mikono mizima ya mtumba? Natanguliza shukrani.

Kijana_Katubuka

Uza mkuu nunua bajaji haina loa amu hahaha

Mla_Migebuka

Bajaji nayo ina bushi zake ndugu yangu, na haibebi dumu nane.

Baba_Zawadi

Mi mambo ya bushi za dukani niliacha zamani. Tafuta fundi anayechonga kwa tairi kuukuu ya lori, anakata duara anatoboa katikati anaweka kipande cha bomba anagongea kwenye mkono, kazi imeisha. Ya kwangu ina mwaka na zaidi haijaguswa. Inakuwa ngumu kidogo ila haifi. Na ikianza kulia kwiyo kwiyo unapaka mawese kidogo inanyamaza, we mawese unayo bure tena.

Binti_Bangwe

Baba Zawadi jamani. Haifi kwa sababu haichezi, ikishakuwa haichezi inayokufa ni mingine. Mi nilifungiwa hizo za tairi kwenye IST nikawa nasikia kila kokoto kwenye kiti, usukani unatetemeka, baada ya muda lile tundu la kwenye mkono likapanuka, nikaja kununua bushi ya kawaida ikawa inapwaya humo ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Ikabidi ninunue mkono. Hapo nimeokoa nini?

Kuhusu mikono ya mtumba @Mla_Migebuka inategemea unapata ipi. Uzuri wake inakuja na mpira wa kiwandani uliofungwa Japani na mpira ule kweli unakaa, ila kumbuka na yenyewe ni ya gari ya mwaka wako, mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Ukishika uuchunguze, ukiona vimpasuko vidogo vidogo pembeni kama ardhi ya kiangazi, rudisha. Na uchezeshe boli jointi (kile kifundo cha mwisho wa mkono upande wa tairi) kwa vidole, ikizunguka kirahisi kama kifuniko cha soda achana nayo.

Halafu hujasema tairi zako zinaliwaje.

Mla_Migebuka

Tairi ya kushoto mbele imeliwa ndani vibaya, nje bado ina kashata zake vizuri kabisa. Ya kulia afadhali.

Mzee_wa_Isevya

Kijana, nipo Tabora, gereji nimefanya tangu 1987, sasa hivi macho hayataki ila masikio yapo. Nina swali moja tu. Fundi wako alipokuwa anakaza zile bolti za mkono, gari ilikuwa juu ya jeki tairi zinaning'inia, au ilikuwa imesimama chini kwa miguu yake?

Mla_Migebuka

Shikamoo mzee. Ilikuwa juu ya jeki na magogo, tairi zimetolewa kabisa. Anakaza kila kitu, anarudisha tairi, anashusha, tunaenda kujaribu mpaka Mwandiga. Si ndo kawaida?

Mzee_wa_Isevya

Marahaba. Ndiyo kawaida, na ndiyo maana wauza bushi hawalali njaa.

Nikueleze kwa kirefu maana hili watu wengi hawalijui na hata mimi nilifundishwa baada ya kuharibu gari za watu. Bushi siyo beringi. Haizunguki. Ndani kuna kibomba cha chuma, nje kuna ringi ya chuma, katikati mpira umegandishwa kwenye vyote viwili. Ukikaza ile bolti, kibomba cha ndani kinabanwa na bodi ya gari hakiendi popote, na ringi ya nje imeshikwa na mkono. Kwa hiyo mkono ukipanda na kushuka mpira ndio unasokotwa, basi, hakuna kinachoteleza pale.

Sasa chukua ndala yako, ishike huku na huku. Ikiwa imenyooka ukiisokota kidogo kulia, kidogo kushoto, inarudi, itakaa miaka. Lakini ukiisokota kwanza ukaifunga hivyo hivyo na kamba, halafu kila saa unaongeza kuisokota kuelekea kule kule, itachanika tu hata ingekuwa ya dhahabu. Fundi akikaza tairi zikining'inia, ule mkono unaoning'inia ndio unakuwa nyumbani kwa mpira. Gari ikishuka chini mkono unapanda, mpira umeshasokotwa hata hujawasha injini. Ukifika kwenye shimo la Simbo unasokotwa zaidi. Gari ikilala uani usiku mpira haulali, umekamuliwa mpaka asubuhi. Hapo nunua ya elfu kumi, nunua ya laki, zote zitachanika, tofauti ni wiki chache.

Unalegeza bolti zote za bushi, unafunga kila kitu kwa mkono tu nati zishike, unarudisha tairi, unashusha gari, unaitikisatikisa mbele na nyuma ikae mkao wake, NDIPO unaingia chini unakaza kwa nguvu yake. Hapo mpira unakuwa nyumbani gari ikiwa imesimama. Hata huyo jamaa yako wa miaka mitatu kamuulize alifungiwa vipi, au tuseme hajawahi kufungua tangu itoke kiwandani.

Fundi_Kasulu

Mzee kwa heshima zote, mi nina miaka tisa kwenye hii kazi nafunga juu ya jeki na wateja hawarudi kulalamika. Kinachoua bushi huku ni mashimo na spea za hovyo. Unafungua pakti mpira wenyewe unanuka kama ndoo ya plastiki na hata haujashikana na chuma, ukiusukuma kwa kidole gumba unatoka. Na hiyo ya kukazia gari ikiwa chini mnaongea tu, 110 ilivyo chini vile spana inaingia wapi? Siyo kila mtu ana shimo la gereji.

Mzee_wa_Isevya

Mteja asiyerudi si lazima awe amepona, mwingine kahama fundi.

Lakini la spea unasema kweli silipingi. Bushi ambayo mpira wake haujagandishwa kwenye chuma ni uchafu, hiyo hata uikaze vipi. La shimo pia nakuelewa, na mimi nilianza chini ya mwembe. Njia zipo mbili. Ya kwanza, tairi zote nne zipande juu ya vipande vya mbao vinene vilivyolingana, gari ikae sawasawa, unapata nafasi ya kuingia na spana. Zote nne, siyo mbele peke yake ukakuta gari imeinua pua. Huku tunatumia vipande vya mninga. Msitumie matofali ya kuchoma, nawaombeni, tofali linapasuka bila kukupigia hodi na wewe uko chini. Ya pili, kama gari iko juu tayari, chukua jeki nyingine iweke chini ya mkono wenyewe karibu na boli jointi, pandisha polepole mpaka ile gari inaanza kunyanyuka kidogo kutoka kwenye gogo lake, hapo mkono umebeba uzito karibu kama ikiwa barabarani, kaza. Siyo sahihi kama ya kwanza lakini ni mbali sana na kukaza inaning'inia.

Fundi_Kasulu

Hiyo ya jeki ya pili nitaijaribu mzee. Sijasema umeshinda lakini.

Binti_Bangwe

Mzee shikamoo, na zile nyekundu za plastiki ngumu wanazosifia mtandaoni kwamba hazifi? Kuna kaka ananiuzia seti ya IST.

Mzee_wa_Isevya

Marahaba binti. Zile ni poliyurethani. Zenyewe kweli zinateleza kwenye kibomba cha ndani, hazisokotwi, kwa hiyo hata ukikaza juu ya jeki hazijali. Ila zinataka grisi ya silikoni, ukikosa zinalia kama kitanda cha hosteli, na ni ngumu, kila mtetemo unaingia ndani. Za watu wa mashindano. Gari ya kupeleka watoto shule weka mpira.

Na @Baba_Zawadi mawese ni ya maharage. Mpira wa asili ukipakwa mafuta unavimba na kuwa laini kama ugali wa jana, iwe oili ya injini, iwe grisi, iwe mawese. Ukinyamaza leo kesho unamomonyoka. Kama bushi ngumu kuingia paka maji ya sabuni, yanateleza halafu yanakauka hayaachi kitu.

@Mla_Migebuka na hapo nina wasiwasi mwingine. Alizitoaje na kuzipachikaje? Kwa presi (mashine ya kukandamizia) au kwa nyundo?

Mla_Migebuka

Za kutoa alichoma moto, moshi mweusi mtaa mzima ukatujua. Za kuingiza aligonga kwa nyundo na soketi kubwa. Mara ya pili ziliingia kirahisi kuliko mara ya kwanza, nikaona labda ndo dalili ya ojino.

Mzee_wa_Isevya

Hapana, ndiyo dalili ya tundu kuanza kuchoka. Bushi inatakiwa iingie kwa kubanwa. Tafuta mtu mwenye presi, hata wale wa tona (wachonga vyuma) wanayo mara nyingi, na anayesukuma asukume ile ringi ya chuma ya nje, asisukume mpira wala kibomba cha katikati, hapo unakuwa umeshauchana kabla haijafika kwenye gari. Ikiingia kwa kusukuma na vidole, usiweke, tafuta mkono mwingine.

Kitu kingine, ile bushi kubwa ina matundu kama macho mawili pembeni ya mpira. Siyo urembo. Upande wenye macho ni laini, upande usio na macho ni mgumu, mtengenezaji alishapanga gari ikishika breki ilegee wapi na ishike wapi. Kabla hujatoa ya zamani weka alama kwa msumari macho yanaangalia wapi, mpya iingie vilevile, na kushoto na kulia zifanane kama kwenye kioo. Nakisia ya kwako ya kushoto haiko hivyo. Nakisia tu, sijaiona.

Dumu nane ni kama kilo 150 hizo, watu wawili wanene kwenye buti. Haziui bushi za mbele peke yake lakini zinaiinua pua na zitakuja kuzitafuta za nyuma, kule kuna mikono miwili miwili kila upande na ile ndefu ya kuelekea mbele, zote zina bushi. Siku ukizifungua, kama mkono wako una bolti ya kurekebishia tairi, piga alama kwanza kabla hujalegeza.

Kijana_Katubuka

Yan kumbe watu wana madini humu, mi nilikuja kutania tu

Mla_Migebuka

Mrejesho wakuu, samahanini nimechelewa, wiki mbili hizi nilikuwa na msiba Ujiji halafu spea zenyewe zilisumbua.

Nilimwonyesha fundi maelezo ya mzee. Kwanza alisoma kimya akanirudishia simu, akasema haya maneno ya vitabuni. Nikamwambia tufanye jaribio moja, gari ikiwa chini legeza tu bolti za mkono wa kushoto tuone. Tukaipandisha kwenye mbao (mninga sikupata mzee, nimetumia mabaki ya mwembe, nene lakini), akaingia, akalegeza. Ile bolti ilipoachia tu, kitu kikalia TAK kile kibomba kikajizungusha chenyewe na pua ya gari ikashuka kidogo, wote tumeona. Fundi akatoka chini akakaa kwenye ndoo hakusema kitu kama dakika mbili hivi.

Tukatoa mikono. Ya kushoto macho yalikuwa yanaangalia kule, ya kulia yanaangalia huku, yani kama mzee ulikuwepo. Na tundu la kushoto kweli limepanuka, bushi ilitoka kwa kugonga mara moja tu na kipande cha mti, bila moto bila chochote. Kwa hiyo kushoto nimenunua mkono wa mtumba, nikaukagua kama alivyosema dada wa Bangwe, wa kwanza na wa pili nikakataa, wa tatu mpira mzuri boli jointi ngumu nikachukua. Bushi zake hatukuzigusa kabisa. Kulia tumeweka bushi mpya za hapa hapa mjini, siyo za bei kubwa wala za chini kabisa, mpira umeshikana na chuma vizuri. Fundi akaenda nazo kwa mtu wa tona akazisukuma na presi, elfu tano, dakika kumi. Kwa maji ya sabuni. Mawese nilikuwa nayo dumu mbili pale pale lakini hayakuguswa.

Tukakaza kila kitu gari ikiwa juu ya mbao kwa tairi zake. Kisha alaimenti (kunyoosha mkao wa tairi), maana jamaa wa mashine alisema kushoto ilikuwa imefunguka vibaya, ndo maana tairi ililiwa ndani. Ile tairi nimeipeleka spea kwa sasa.

Leo siku ya tisa. Ko ya breki imeisha. Usukani nauachia pale lami ya Mwandiga inaenda moja kwa moja. Kuna kamlio kamebaki tiki tiki tiki ukipita kwenye kokoto taratibu, ukikimbia hakasikiki. Hako ni nini tena?

Fundi_Kasulu

Hiyo stabilaiza linki, vile vifimbo vya kuzuia gari isilale kwenye kona. Toa zote mbili, za kushoto na kulia, zungusha taratibu mtaani bila hizo, kamlio kakiisha ndo zenyewe, nunua mpya ufunge. Usiende nayo safari ndefu ikiwa bila, kwenye kona gari italala. Halafu mzee ile ya jeki chini ya mkono nimefanya kwenye Noah ya mteja juzi. Nitakwambia baada ya masika.

Mzee_wa_Isevya

Nipo, masikio yanasubiri. Mla Migebuka, linki zenyewe zina boli jointi ndogo ndogo, hizo kaza popote hazina shida.

Mla_Migebuka

Shukrani sana mzee, Mungu akupe umri. Fundi kauliza huyo mzee wa Isevya ni nani, nikamwambia hata mi simjui. Akasema basi msalimie.

Binti_Bangwe

Fundi wako yupo Gungu sehemu gani? IST nayo imeanza ko.

Mla_Migebuka

Njoo inboksi dada. Ila Ijumaa mchana usije hayupo, na mbao za mwembe zipo kwangu, upite kuzichukua kwanza.